Maabara ya Huayracucho Yapata Mababa wa Ubatizo

Mheshimiwa Meya wa Wilaya, ambaye hakufika lakini kofia yake imefika na tumeiweka kwenye kiti chake. Mheshimiwa Naibu Meya, ambaye amefika lakini hana kiti. Padri wa Parokia. Kamanda wa Polisi pamoja na askari wake wote wawili. Mwenyekiti wa Wafugaji wa Simbilisi. Mama Mwenyekiti wa Soko la Juu na Mama Mwenyekiti wa Soko la Chini, ambao tumewaomba leo wakae mbalimbali. Wapiga tarumbeta wetu. Na ninyi ndugu wananchi wa Huayracucho, mliosimama hapa tangu alfajiri mkiwa na sampuli zenu mikononi na matumbo matupu, kama tangazo lilivyoelekeza. Itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajitaje mwenyewe kimoyomoyo, mimi nitaitikia. (Makofi. Tarumbeta moja inalia kabla ya wakati wake.)

Mimi, Injinia Eleuterio Ballón Quispitupa, Mratibu Msaidizi Mwandamizi wa Kitengo cha Kuwaratibu Waratibu, ambaye baadhi yenu mmekuwa mkiulizana kule kwenye foleni ya mkate kwamba huyu ni injinia wa nini hasa, na leo najibu rasmi kwamba uinjinia ni hali ya moyo, nimesimama mbele yenu kuzindua kile ambacho wataalamu, wakiongozwa na mimi, wamekiita Kituo Jumuishi na Endelevu cha Kupokea Sampuli za Kitabibu, yaani, kwa lugha nyepesi, mahali ambapo mtu ataleta kikopo chake na mtu mwingine atakipokea. (Minong'ono ya furaha.)

Na huyo mtu mwingine ndiye kiini cha hotuba yangu. Kwa muda mrefu, ndugu zangu, kijana wa Huayracucho aliyemaliza shule alikuwa na njia mbili, ama apande basi aende pwani akauze chaja za simu, ama abaki hapa amsaidie baba yake kumtazama ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe akimtazama kwa masikitiko. Mimi nikasema hapana. Nikaketi, nikafanya upembuzi yakinifu, nikaandaa andiko dhana, nikalipitisha kwa wadau, wadau wakalala, wakaamka, wakaunga mkono, na hapo zikazaliwa ajira za kada ya awali katika mnyororo wa thamani wa majimaji ya mwili wa binadamu, ambapo kijana atapokea kikopo, atasoma jina, atabandika lebo, atakiweka kwenye friji, na kesho yake atakuja kupokea kingine, bila digrii, bila kujuana na mtu, bila kumpelekea mtu simbilisi wa kukaanga nyumbani kwake usiku. (Makofi marefu. Mwenyekiti wa Wafugaji wa Simbilisi hapigi makofi.)

Takwimu zinaonyesha, na takwimu hizi nimezitengeneza mwenyewe kwa uangalifu mkubwa, kwamba asilimia mia moja na nne ya wananchi wa wilaya hii wana damu, na karibu wote wana mkojo, lakini rasilimali hiyo yote imekuwa ikipotea bure bila kuchakatwa. (Kicheko. Sauti ya mwanamume: "Mwingine unapotea sasa hivi, Injinia, tumesimama mno.") Vumilia, ndugu. Taifa lilijengwa na watu waliojizuia.

Vijana wetu kumi na wawili waliohitimu mafunzo ni wale pale mbele, wenye makoti meupe. Simameni. Mmeshasimama, basi simameni zaidi. Wamejifunza wiki nzima katika ukumbi wa parokia, na kwa kuwa sampuli halisi zilikuwa bado hazijapitishwa kwenye bajeti, walifanyia mazoezi kwenye supu, na mkufunzi aliniambia kwamba hakuna hata bakuli moja lililopotea, ingawa yote yalirudi matupu. Yule wa kwanza kabisa ni Dada Nélida Huarcaya, kinara wa darasa, ambaye aliacha kazi ya kuoka mikate kwa Don Hipólito ili alitumikie taifa. (Makofi. Don Hipólito, mwoka mikate, ananyoosha mkono wenye unga: "Injinia, samahani, fupisha kidogo. Unga wangu umeumuka huko peke yake. Mimi nimekuja kwa jambo moja tu. Huyu binti kama leo anaingia kazini hapa, sawa, namchukua binamu yake, yule pale ameshafunga aproni. Kama haingii, arudi kwangu sasa hivi. Nikishaondoka uwanjani hapa, nafasi imekwenda.")

Don Hipólito, ni vyema umeuliza, na ni vyema zaidi ungenyamaza. (Nélida: "Hata mimi nataka kujua, Injinia. Mama yangu hana mwingine wa kumtegemea. Niambie mbele ya watu hawa, nibaki au niende?") Dada yangu Nélida, unaniuliza mimi, mtu niliyekula kiapo, tena mara tatu, katika vyama vitatu? Baki. Baki, mwanangu. Mtu aliyetumwa na mchakato hakimbilii tanuri. (Makofi. Nélida anabaki. Binamu yake anakaza kamba za aproni. Don Hipólito anaangalia saa lakini haondoki, kwa sababu ameahidiwa kutajwa jina mwishoni.)

Sasa nigusie miundombinu. Nyuma ya pazia hili la bluu, ndugu zangu, nyuma ya utepe huu ambao muda si mrefu nitaukata kwa mkasi uliopakwa rangi ya dhahabu, pamesimama mageuzi. Sitaki kuwamalizia utamu kwa kueleza yana milango mingapi. Naomba tu mjue kwamba mbinu tuliyotumia ni ya kisasa, inaitwa ujenzi wa awamu, ambapo awamu ya kwanza ni uzinduzi, na awamu nyingine hufuata kadiri zinavyojisikia. (Upepo unainua pazia. Nyuma yake anaonekana punda, na nyuma ya punda, mlima.) Huyo ni idara ya usafirishaji. (Kicheko. Pazia linashuka.)

Upepo wa huku unakausha koo. Naona mmeniandalia kinywaji hapa mezani, chupa nzuri ya soda ya njano, naomba nionje kidogo kabla ya... (Mama Saturnina, bibi wa mtaa wa juu, anapaza sauti: "Injinia, iache hiyo. Hiyo ni ya mzee wangu. Nilikosa pa kuiweka nikaiweka hapo kwenye maua.") Nashukuru, mama. Nairudisha kwa heshima zote. (Kicheko kirefu. Naibu Meya anatumia nafasi hiyo kukalia kiti chenye kofia.) Na hili kopo la mayonezi, mama, ni lako pia? ("Hilo langu. Dada wa mafunzo alisema nilete asubuhi, sijala tangu jana jioni, na kule nyuma wanakaanga nguruwe. Nimkabidhi nani?") Mama, hilo swali lako ndilo ambalo kituo hiki kimekuja kulijibu, katika muda wa kati. (Sauti mbalimbali: "Muda wa kati ndiyo lini?")

Ndugu wananchi, naona jua linapanda na baadhi ya sampuli zinaanza kupata joto, hivyo naelekea kwenye shukrani. Na hapa naomba utulivu, maana shukrani ndiyo roho ya uzinduzi. Kama mjuavyo, kwetu hakuna kitu kinachoingia duniani bila baba au mama wa ubatizo, yaani mtu wa kukileta kwa gharama zake. Keki ya harusi ina baba yake wa ubatizo, bendi ina wake, bia ina wake, hata jezi za timu yetu iliyofungwa juzi zilikuwa na mama wa ubatizo, Mungu amfariji. Serikali, baada ya kuangalia mkoba wake na kukuta hewa, iliniagiza nitumie mila zetu tukufu. Kwa hiyo maabara hii haikujengwa kwa fedha. Imejengwa kwa ukarimu.

Namshukuru kwanza Doña Obdulia wa duka la misumari, mama wa ubatizo wa hadubini. Simama, mama. (Doña Obdulia, amevaa utepe begani, anapunga mkono.) Sasa, mama, tuletee mtoto. Hadubini iko wapi? (Doña Obdulia: "Hadubini ipi? Uliniambia ni jina la heshima tu. Mimi nimeleta utepe.") Utepe ni mzuri sana, na umeng'aa. Namshukuru Mwalimu mstaafu Teófanes, baba wa ubatizo wa vichupa vya damu. (Mwalimu Teófanes: "Mimi nimeleta shairi.") Baadaye, mwalimu. Na namshukuru kwa namna ya pekee kabisa Don Hipólito, mwenye haraka zake, baba wa ubatizo wa friji. (Watu wote wanamgeukia mwoka mikate. Don Hipólito: "Friji la kweli? Mimi niliambiwa kutakuwa na picha. Nimenyoa ndevu kwa ajili ya picha.") Don Hipólito, picha ya friji inahitaji friji. ("Na wewe Injinia, ulikuwa baba wa nini?")

Mimi, kwa unyenyekevu, nilikuwa baba wa ubatizo wa jengo. (Punda anakohoa.)

Naomba tusinyoosheane vidole, kwa sababu vidole ni vingi na kosa ni moja tu, nalo limegawanywa sawasawa. Kila mmoja alidhani mwenzake ataleta, na mimi nikadhani kwamba ninyi nyote mkileta, jengo litaona aibu, litakuja lenyewe. Tulichozindua leo, kama mtaniruhusu neno la kitaalamu, ni dhamira. Wenye sampuli mnaweza kwenda kula sasa, na nguruwe wa Mama Mwenyekiti wa Soko la Chini yuko tayari. (Watu wanaanza kusukumana. Mwenyekiti wa Soko la Juu anasema wake ndiye mtamu.) Kabla hamjatawanyika, tuitikie pamoja. Sampuli oyee. (Wachache: "Oyee.") Ajira kwa vijana oyee. (Mmoja: "Oyee." Ni Naibu Meya.) Hadubini oyee. (Hakuna.)

(Nélida amesogea mpaka chini ya jukwaa. "Injinia, friji lina baba, hadubini ina mama, jengo wewe. Kazi yenyewe ni ya nani?") Dada Nélida, swali hilo linaonyesha ubora wa mafunzo tuliyokupa. Ni kweli, katika kugawa majina, ajira zenyewe zilisahaulika, hazikupata baba wala mama, na mimi nimekuwa nikiogopa tangu alfajiri kwamba mtu ataligundua hilo. Basi, kwa mamlaka niliyonayo, mbele ya Padri, Kamanda na kofia ya Mheshimiwa Meya, nakuteua wewe kuwa mama wa ubatizo wa ajira za Huayracucho. Utatuletea kumi na mbili, ukianza na ya kwako. Hongera sana. Mpigieni makofi. (Hakuna makofi. Nélida: "Uliniambia nibaki.") Nilikuambia, dada, na umebaki vizuri mno, wala sina malalamiko.

(Don Hipólito, uso umemshuka, anamwambia Nélida polepole: "Twende, mwanangu. Na mimi ni baba wa friji, na sikulileta. Binamu yako atafagia, tanuri ni lako." Nélida anamshika Mama Saturnina mkono na kopo lake, wanaanza kushuka pamoja, vijana wengine wakiwafuata.)

Asanteni sana kwa kunisikiliza, asante Nélida, asanteni vijana, na asanteni zaidi akina mama mliowashonea watoto wenu yale makoti meupe kwa mashuka ya nyumbani, kwa maana nikitazama vizuri naona kwamba hayo makoti ndiyo maabara yote tuliyokuwa nayo. Lakini, Dada Nélida, kabla hamjafika mbali, naomba myavue myaache hapa mezani, tafadhali. Jumanne tunazindua kituo kama hiki kule Ccollpamarca, na huko bado sijampata baba wa makoti. (Nélida hageuki. Anafunga kifungo cha juu cha koti lake.)