Kodiani ya Kapteni Merrick

Jumatatu, 2 Oktoba
Kodiani yangu imepasuka mvukuto leo mazoezini, katikati ya wimbo wa tatu. Ikatoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Shemeji Ofelio, kaka wa mke wangu, alikuwa amekaa nyuma na kodiani yake mapajani, kama mtu aliyekuwa akingoja. Akaniambia nisijali, dansi la parokia tarehe 14 atapiga yeye. Miaka kumi na moja nimelipiga dansi hilo mimi. Ofelio huuza tamale, vile vyakula vya unga wa mahindi, mlangoni.
Fundi wa hapa San Antonio ana foleni ya miezi miwili. Nitanunua ya mtumba, mtandaoni.

Jumanne, 3 Oktoba
Mke wangu Hortensia ameniambia nijihadhari na matapeli. Nimesoma dalili zao saa nzima. Mambo ya kuvutia sana. Bei ya chini mno. Picha ya kuiba. Muuzaji hataki muonane. Nimejitungia mtihani wangu mwenyewe: muuzaji aniwekee kijiko juu ya kodiani, pamoja na karatasi yenye jina langu, Baldemar, kisha apige picha. Mwizi wa picha atakitoa wapi kijiko?
Hortensia akauliza kwa nini nisiende tu kuiona. Nikamwambia hayo ni ya zamani.

Alhamisi, 5 Oktoba
Nimepata wauzaji wawili.
Wa kwanza ni Bi Eustolia wa Seguin, mjane, mwendo wa saa moja kwa gari. Anauza kodiani nyekundu ya marehemu mumewe, dola mia sita. Bei ya chini, nikaiandika. Nikamtumia mtihani. Akanipigia simu.
"Kijana, kijiko ni cha kunywea supu. Kodiani iko sebuleni. Njoo uibonyeze. Ukiipenda lipa, usipoipenda nenda zako."
Nikamuuliza kama anaweza kuthibitisha kwamba mumewe alifariki kweli. Akakata simu. Amekasirika upesi mno. Hilo nalo nikaliandika.
Wa pili ni Kapteni Merrick, anafanya kazi kwenye mtambo wa mafuta baharini, huko Ghuba. Kodiani nyeusi, mia tisa. Picha imefika kwa dakika kumi. Kijiko kipo. Jina langu lipo, limeandikwa vizuri kuliko ninavyoliandika mimi. Kijiko kinaelea kidogo juu ya vitufe, na kivuli chake kimekwenda upande wake peke yake. Nimekitazama sana. Labda mwanga wa baharini uko hivyo.

Jumamosi, 7 Oktoba
Nimelipa. Simu iliuliza kama nanunua bidhaa au namtumia rafiki zawadi. Kapteni alikuwa ameshanielekeza: zawadi, marafiki hawakatwi ada. Simu ikauliza tena, je, namfahamu mtu huyu? Nikabonyeza ndiyo. Tumezungumza siku mbili, na ananiita ndugu yangu. Ofelio hajawahi kuniita hivyo tangu nimwoe dada yake.
Fedha hizo zilikuwa za hita mpya ya maji. Hortensia nitamwambia kodiani ikishafika.

Jumatatu, 9 Oktoba
Kodiani inakuja kwa helikopta na inahitaji bima. Nilitaka kujua tu, kwa nini bima yake inazidi ya gari langu. Kapteni akasema ni kwa sababu ya chumvi ya bahari. Sikuwahi kufikiria habari ya chumvi. Nikalipa.

Jumatano, 11 Oktoba
Kapteni hajibu tangu jana.
Ofelio alikuja kunywa kahawa. Akaomba aione picha, akaitafuta kwenye simu yake. Kodiani hiyo iliuzwa dukani, mji mwingine kabisa, miaka mitatu iliyopita. Kijiko kimetoka kwenye tangazo la supu ya kopo. Nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Aliniwekea mkono begani, na hilo lilikuwa baya zaidi. Hortensia alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote. Akauliza swali moja tu, kuhusu hita.
Ofelio akataka kujua kama niliona kodiani nyingine. Nikamsimulia habari za Bi Eustolia, ili ajihadhari.

Jumamosi, 14 Oktoba
Tangu juzi naoga maji baridi.
Dansi limefana. Ofelio kapiga kodiani nyekundu. Alikwenda Seguin siku ileile niliyomsimulia. Bi Eustolia alimpakulia menudo, supu ya utumbo, akamsimulia habari za mumewe saa mbili nzima, kisha akampunguzia bei. Sauti ya kodiani ile ni tamu. Naandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna anayesoma hapa.
Bi Eustolia mwenyewe alikuja, akaletwa mezani kwetu. Akaniuliza jina.
"Baldemar? Wewe ndiye wa kijiko?"
Nikamwambia Baldemar wako wengi.
"Mume wangu alifariki Februari," akasema. "Cheti ninacho mkobani, kama unakihitaji."
Nilitamani sakafu inimeze. Nikamwomba radhi, kwa dhati. Akanikabidhi mkoba nimshikie, akaenda kucheza. Nimeushika nyimbo sita.
Wakati wa kuondoka Ofelio alinipa kodiani yake ya zamani, bure. "Chukua, shemeji, usijitie ukubwa." Nikakataa. Mimi si wa kupewa vitu.

Jumapili, 15 Oktoba
Habari njema. Baada ya misa nimepokea ujumbe wa Bwana Lindqvist, mpelelezi binafsi, kazi yake ni kurudisha fedha zilizoibwa mtandaoni. Anadai ada ndogo tu, itangulie. Safari hii sikukurupuka. Nimemhoji vikali. Nilimuuliza amejuaje kwamba nimeibiwa, maana nje ya nyumba hii wanaojua ni Ofelio na yule Kapteni tu. Akajibu kwamba kujua ndiyo kazi yake.
Huyu kweli anaijua kazi yake. Nimemtumia ada.