Kibuyu Kitupu Kwenye Ukuta wa Hoteli Yangu

Soko la Tawa,
Jumanne.

Kwa Mzee Nyamai,

KUH: UKUTA WANGU ULIOHARIBIWA NA MWANAO

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini mama watoto hajambo, na mbuzi pia. Mimi sijambo, ila nina hasira.

Wewe mwenyewe uliniambia, tukitoka kanisani, kwamba Mulei amesomea uchoraji. Nilimwagiza achore muthokoi, chapati, nyama ya mbuzi na chai inayofuka. Yeye alipaka ukuta wote rangi nyeupe, akachora kibuyu kimoja kitupu chenye ufa ulioshonwa kwa mshono wa nyuzi tatu, akanawa mikono. Ati kitu kimoja kinatosha, jicho lipumzike. Mzee, mteja haji hotelini kupumzisha jicho.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wateja wananyamaza. Kitheka, dalali wa mbuzi, ambaye hafungi mdomo hata wakati wa maombi, alikitazama hadi chai ikapoa. Kisha akasema kumbe kibuyu ni kitu kizuri. Ana miaka hamsini na nane, na kwao vibuyu vimejaa.

2. Unajua mila yetu: kibuyu cha mwenzako hukirudishi kitupu. Wayua, muuza mboga, alishindwa kuvumilia, akaweka ndengu chini ya ukuta. Kesho yake mwingine akaleta mahindi. Sasa watu wanaingia kwangu na chakula chao, wanakiacha, wanatoka bila kula changu.

3. Kukiuza chakula hicho ni wizi, kukitupa ni laana. Nikawagawia wajane wa kanisa. Sasa wajane wanafika kabla sijafungua mlango, nao pia wanatazama ukuta.

4. Pasta amehubiri juu ya kibuyu hicho dakika arobaini. Hoteli yangu hakuitaja hata mara moja.

Kwa heshima zote, naomba Mulei aje Jumamosi akifute kibuyu hicho, achore mbuzi. Asipokuja nitakifuta mwenyewe, brashi ninayo.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hata jirani yenu tuliyekosana naye.

Ni mimi, mwenye ukuta,
Kasyoki

Tanbihi: Mulei asije Jumamosi. Nimepanda kiti sasa hivi na brashi mkononi, nikauona ule mshono kwa karibu. Ni wa mama yangu. Ndivyo alivyokishona kibuyu chetu mwaka wa njaa, na Mulei, akiwa mtoto, alikuwa akija kwetu kunywa uji humo. Mimi nilikuwa nimesahau, yeye hakusahau. Nimelia, Mzee. Uzi wa tatu umeanza kufifia kwa moshi wa jikoni, kwa hivyo aje kesho, na rangi ile ile. Atakuta ndengu zake chini ya ukuta. Za leo nimeziweka mimi.