Vita vya Behewa la Nyuma

Sogeeni, enyi akina mama mliozaa mabinti nao wakaolewa ng'ambo. Sogeeni nanyi, akina baba mnaoona haya kuuliza njia! Sufuria iacheni iungue, redio izimeni, masikio yategeni. Nawaletea habari ya safari kuu, jinsi mimi na Baba Watoto tulivyoshuka kutoka mawinguni, tukapanda garimoshi palepale uwanja wa ndege kuuendea mji wa mbali, na jinsi ukoo wetu ulivyoponea chupuchupu kwa sababu ya kiti. Sisemi ili mnisifu, ingawa mkinisifu sitakataa. Nasema ili yasiwapate.

Kisa ni Kitindamimba wetu. Alikuwa amelazwa katika mji huo, na saa tisa alasiri angeingizwa chumba cha upasuaji atolewe mtoto wake wa kwanza. Binti huyo haogopi nyoka, haogopi radi, anaogopa sindano. Alinipigia simu akasema, "Mama, nikiushika mkono wako nitaweza. Usipokuja siingii, labda wanifunge kamba." Na mumewe je? Mkwe wangu ni mtu mwema, mhasibu, hana neno na mtu. Lakini akiona hata tone la damu huanguka kama gunia. Huyo atamshika nani mkono? Basi nikaapa: liwalo na liwe, kabla ya saa tisa mkono wangu utakuwa ndani ya mkono wake.

Litazameni jeshi letu lilivyojipanga. Mbele alitangulia Baba Watoto, simba wa barabara za vumbi, bwana wa gia ngumu, dereva wa malori mpaka alipostaafu, mtu asiyewahi kuuliza njia tangu azaliwe, na ndiyo maana hata kuzaliwa alichelewa. Nyuma yake likafuata Sanduku Jekundu, mnyama wa magurudumu manne, matatu yana utii na la nne lina wazimu, tumbo limemjaa nepi na kofia za kichanga nilizofuma kwa mikono yangu. Nyuma kabisa mimi, mlinzi wa pasi za kusafiria, nilizokuwa nimezificha mahali ambapo hakuna mwizi angethubutu kupapasa. Afisa wa uhamiaji alipozitaka, ilibidi ageuke atazame ukuta kwanza.

Stesheni ilikuwa chini ya uwanja. Tukashuka kwa ngazi zile zinazotembea zenyewe, mimi nikisoma dua kila kidato, tukalikuta garimoshi limelala, refu kama hotuba ya mgeni rasmi. Shujaa wangu akainua mguu aingie behewa la mbele. Nikanguruma:

"Baba Watoto! Wapi huko?"

"Napanda treni. Au ulitaka tuisukume?"

"Mbele hatukai! Chombo kikigonga, wa mbele ndio wanaotangulia kwa Mola."

"Mke wangu, mimi nimekaa mbele maisha yangu yote. Usukani hauwekwi nyuma!"

"Na mimi maisha yangu yote nilikuwa nyumbani nafunga na kusali urudi salama. Nyuma, twende!"

Maana hiyo ndiyo sheria ya nyumba yangu. Iwe basi, iwe meli, hata gari la harusi, wanangu wote niliwakalisha nyuma, na wote wangali hai. Tukaenda mpaka behewa la mwisho kabisa, nikaketi karibu na mlango wa dharura, nikakikumbatia kizima moto kama mwana wa kunyonya.

Garimoshi likaondoka. Kipaza sauti kikanena maneno marefu, nasi hatukuyasikia, maana bado tulikuwa tunagombana kuhusu usukani. Kikanena mara ya pili. Baba Watoto alikwisha kulala, akikoroma kwa gia ya kwanza, nami nilikuwa namfunika koti. Ndipo bibi mmoja aliyeketi mbele yetu, mwenye miwani na kitabu, akaniuliza, "Mnakwenda wapi, mwanangu?"

Nikamtajia mji.

Akafunga kitabu. "Basi mmekaa siko. Treni hii inakatwa stesheni ijayo. Mabehewa ya mbele ndiyo yanayokwenda huko. Haya ya nyuma yanageukia pwani."

"Inakatwa?"

"Kama mkate. Mimi naenda zangu kuogelea."

Nikakiachia kizima moto. "Hatuwezi kupita kwa ndani?"

"Hakuna njia, katikati pana chumba cha dereva. Mshuke mkimbie. Na hao wa mbele hawangoji mtu. Mkiikosa, nyingine ni jioni."

Jioni! Mwanangu kaniwekea saa tisa! Nikamtikisa simba wangu: "Amka! Tunapelekwa kuogelea!"

"Nani anaogelea?" akasema, na tayari nilikuwa nimemvuta ukosi.

Garimoshi likasimama, tukamwagika jukwaani. Hapo ndipo gurudumu la nne likaasi. Baba Watoto akalivuta Sanduku, likazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Akalivuta tena, likamgonga ugoko. Kule mbele mafundi walikuwa wanatenganisha mabehewa, vyuma vinalia, na mimi naona mkono wa mwanangu unashika hewa. Ndipo shujaa akasimama, akalikagua gurudumu kama alivyokagua malori yake, akanena:

"Hili haliendi mbele. Hili ni la rivasi. Mama Watoto, piga mkono!"

Enyi wasikilizaji, ujanani, utingo wake alipougua, ni mimi niliyekuwa nyuma ya lori nikimwongoza. Akaligeuza Sanduku, akaanza kurudi kinyumenyume mbio, shingo kaigeuza, macho kwangu, nami nimetangulia namwelekeza kwa mikono miwili, nikipiga kelele stesheni nzima:

"Njoo, njoo, njoo! Kata kushoto! Kushoto kwako, si kwangu! Nguzo! Benchi! Mtawa! Samahani, sista! Nyoosha, njoo!"

Filimbi ikalia. Milango ya behewa la mbele ikaanza kujifunga, na Sanduku bado lipo nje. Mikono sikuwa nayo, iko kazini. Basi nikageuka nikaingiza pale mlangoni ngome yangu ya nyuma, makalio haya haya ambayo mawifi zangu wameyacheka tangu siku ya harusi. Mlango ukayabana. Yakasimama imara. Mkaguzi wa tiketi akaja mbio: "Mama! Toa mwili mlangoni! Ni sheria!"

"Hiyo ni sheria, baba. Haya ni makalio. Tuone kipi kitachoka kwanza."

Mlango ukachoka. Ukafunguka, na Baba Watoto akaingia kinyumenyume na mnyama wake, akaegesha bila kugusa mtu.

Tulipofika hospitali, Kitindamimba alikuwa juu ya kitanda cha magurudumu, ameng'ang'ania fremu ya mlango wa upasuaji, muuguzi anambembeleza. Mkwe wangu alikuwa chini, anapepewa.

"Mama! Mbona gauni limechanika nyuma?"

"Usiulize. Shika."

Akashika. Akaachia mlango. Akaingia, na akatoka na mtoto wa kike mwenye sauti ya honi.

Basi shikeni usia wangu, akina mama: anayekaa nyuma kwa kuogopa kifo aweza kufika salama salimini asikokwenda. Ulizeni kwanza, ndipo mkae.

Lakini hilo silo jambo kuu la habari hii. Jambo kuu lilitokea siku ya kurudi. Tulisimama jukwaani, garimoshi limefungua milango, nami nikanyamaza kimya, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu. Baba Watoto akatazama mbele. Akatazama nyuma. Akakohoa, akavua kofia, akamwendea mkaguzi kama mtu anayekwenda kuposa.

"Samahani, kijana. Behewa hili... linakwenda wapi?"

"Uwanja wa ndege, mzee. Yote yanakwenda huko."

Akarudi kwangu kifua mbele. Andikeni ukutani, wasimulieni wajukuu: mwanamume huyu ameuliza njia, na hakufa.

Tukakaa katikati.