Tarikhi ya Kuvuliwa Pete ya Antipasi, Bwana wa Nukta Saba

Zimeni mashine za kukamulia alizeti, enyi watu wa Ilongero! Nanyi wa Mtinko, wafungieni ng'ombe zizini. Nanyi wa Kinyangiri mlioshika michi, itueni kidogo. Maana nataka kunena habari za vita isiyomwaga damu ila mafuta ya kula, na za shujaa aliyepigana na kidole chake mwenyewe. Mimi ndimi Benson, dereva wa gari la utafiti, niliyekuwapo tangu mwanzo hata mwisho nikitafuna karanga, na anayesema naongeza chumvi aje aseme mbele ya watu.

Alikuwako mtu jina lake Antipasi, mjiolojia, mpasua mawe, mlamba miamba, ambaye kwa miaka ishirini aliizunguka nchi ya Singida akiitafuta dhahabu kwa nyundo na kwa ulimi. Jiwe alililamba, akatema, akatoa hukumu, na hukumu yake haikukatiwa rufaa. Hata zama za kompyuta zilipowadia, wakubwa wa kampuni wakamtumia waraka: nenda ukasome stashahada ya uzamili ya uchambuzi wa takwimu za utafutaji madini, ama kiti chako tutampa mwingine. Shujaa akanuna siku tatu, kisha akaenda kununua daftari.

Masomo hayo yalifanyika katika ukumbi mmoja wa Singida mjini, wiki moja kila mwezi, na mwalimu wake alikuwa Dokta Agripina, binti wa miaka thelathini na mmoja, ambaye zamani alipokuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo alimbebea Antipasi huyohuyo mfuko wa mawe. Majaliwa hayana adabu. Aliyebeba mfuko sasa ndiye aliyeshika kalamu nyekundu.

Ikafika siku ya kila mwanafunzi kuonyesha kazi yake ya mwisho. Antipasi akasimama, akaitandaza ukutani ramani ya kilima kimoja cha Mtinko, ambako yeye na msaidizi wake Michael walikuwa wamechimba mashimo mia nne wakachukua udongo wa kila shimo, wakauchekecha, ukapimwe maabara. Mashimo yote yalikuwa kimya, isipokuwa saba. Saba hayo yalikuwa na dhahabu, nayo yaling'aa mekundu juu ya ramani, na kwa ajili yake kampuni ilikuwa imekwisha kuazimia kuleta mtambo wa kuchoronga, yaani kutoboa mwamba hadi chini.

"Shikamoo, kaka Antipasi," akasema Dokta Agripina, kwa kuwa amelelewa.

"Marahaba, dokta."

"Hizi nukta zako saba zinaumwa."

Shujaa akavuta pumzi, kifua kikajaa, akanena: "Ewe binti niliyekufundisha kushika nyundo! Je, hukumbuki jua la Mtinko, na miiba yake, na ugali tulioula ukitukwama kooni kwa kukosa maji? Mimi nimekijua kilima kile kabla hujajua kufunga viatu vya porini! Nukta saba nimezipata kwa jasho, na kwa jasho nitazitetea, hata kama kompyuta zote za dunia zitasimama upande wa pili!"

"Kaka, mimi sibishani na wewe. Nabishana na jedwali lako. Zipake nukta rangi upya. Usiangalie kiasi cha dhahabu, angalia jina la aliyechekecha udongo na tarehe. Halafu utuambie mwenyewe."

Antipasi akakaa mbele ya kompyuta, akabonyeza kwa kidole kimoja, naye hubonyeza kwa kidole kimoja siku zote. Rangi zikabadilika. Na tazama, udongo wa mashimo yote saba ulikuwa umechekechwa na mtu mmoja, katika siku mbili, mara baada ya mvua. Na hatua kumi kutoka hapo, mashimo ya Michael hayakuwa na kitu. Dhahabu ya Mtinko haikufuata mwamba. Ilimfuata Antipasi.

"Sasa kaka," akasema Dokta Agripina kwa upole ulioniuma hata mimi niliyekaa mlangoni, "nyoosha mkono wa kushoto."

Lo! Hapo nieleze sheria. Wachukua udongo wote hukatazwa kuvaa chochote cha madini, kwa kuwa chembe moja inatosha kuidanganya maabara. Na mlinzi mkali wa sheria hiyo alikuwa nani? Antipasi! Ndiye aliyemvua mzee Eliya, kibarua wetu, bangili ya shaba aliyoachiwa na babu yake, akamhubiria nusu saa juani. Lakini pete yake ya ndoa, ya dhahabu, ilikuwa imekwama kwenye kidole kilichonenepeshwa na kuku wa kienyeji, naye alipoulizwa alijibu kwamba pete ya kanisani si pambo, ni agano. Basi mvua iliponyesha udongo ukawa mabonge, akayasaga kwa kiganja, agano likasugua chekeche siku mbili mfululizo.

"Rudi kwenye mashimo saba bila pete," akahukumu mwalimu. "Majibu ya maabara yafike kabla mwezi haujaisha. Vinginevyo sikupitishi, na mtambo utakuja Mtinko kuichoronga harusi yako."

Shujaa aliyewahi kumwondoa chatu kwa mpini wa jembe akauficha mkono mfukoni. Hakuuogopa mtihani. Miaka kumi na tisa kabla, nje ya kanisa Ilongero, mkewe Cecilia alitamka mbele ya shangazi zake wote: siku pete itakapotoka kwenye kidole hicho, itoke pamoja na begi lako.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikafika kwake kumchukua, nikamkuta jikoni ameketi sakafuni, lita ya mafuta ya alizeti kati ya miguu. Sabuni ilikuwa imekwisha kushindwa. Maji ya baridi yalishindwa. Akapaka mafuta, akavuta, akaguna. Pete ikasogea hata kwenye fundo la kidole, ikakita pale na kugoma. Kidole kikavimba, kikawa chekundu.

"Bosi," nikasema, "twende kwa fundi aikate."

"Kuikata?" akanguruma. "Benson, agano halikatwi kwa msumeno!"

Na hapo ndipo Cecilia alipoingia kutoka sokoni, amebeba mlenda. Akatazama mafuta. Akatazama pete. Akaushusha mlenda taratibu, nami nikajua kwamba taratibu ile si ya amani.

"Baba Flora. Lita nzima ya mafuta, ili uvue pete yangu. Ni nani huyo mwanamke?"

"Ni Dokta Agripina," nikasema, nikidhani nasaidia.

Majuto ni mjukuu, na wangu alizaliwa palepale. Cecilia akahama Kiswahili, akaingia Kinyaturu, na mengi aliyoyanena humo sitayatia katika tarikhi hii. Antipasi akapiga magoti juu ya mafuta, akateleza, akapiga tena.

"Mama Flora, nisikilize! Hakuna mwanamke, kuna chekeche! Nimeisaga pete yako kwa mchanga. Ile dhahabu niliyojisifia kwa wakubwa, ile niliyokusimulia mezani, haikuwa ya Mtinko. Ilikuwa hii. Na nilikaa kimya kwa sababu naogopa kukuambia kwamba naivua kuliko ninavyoogopa kufeli."

Cecilia akaushika mkono wake, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Pete ilikuwa imekonda.

"Ilikuwa nene hii," akasema. "Nikadhani ni macho yangu." Akaigonga kwa ukucha. "Kwa hiyo pete yangu umeipanda Mtinko?"

"Kidogo kidogo. Kwenye mashimo saba."

Akacheka. Akacheka mpaka akashika mlango asianguke, na machozi yakamtoka, nami nikarudia karanga zangu kwa kuwa hatari imepita.

"Mwanaume mzima! Yale maneno niliyasema nina miaka ishirini na mbili, shangazi zangu wamenikodolea macho. Ungeniuliza tu." Akachomoa uzi wa kushonea magunia ya alizeti, akaupitisha chini ya pete, akauzungusha kidoleni duru baada ya duru mpaka kidole kikabanwa chote, kisha akaanza kuufungua kwa ncha iliyopita chini ya pete. Pete ikapanda. Ikalifikia fundo, lile fundo lililowashinda mabingwa watatu, sabuni, maji na mafuta. Ikalivuka! Nikapiga kelele, majirani wakachungulia, na Antipasi akautazama mduara mweupe ulioachwa kidoleni.

Cecilia akaitia pete kwenye uzi uleule, akaivaa shingoni. "Kazini nenda na kidole kitupu. Jioni uje uivae hapa."

Tukaenda Mtinko. Mzee Eliya alikuwa anatungoja kilimani, kiganja wazi. "Shikamoo, mzee," akasema shujaa. "Marahaba. Nionyeshe mkono." Akaukagua mbele na nyuma, akaukagua tena, na kwa nusu saa juani akamhubiria.

Siku ya kumi na mbili majibu yakaja: shimo la kwanza hakuna, la pili hakuna, na hivyo hata la saba. Antipasi aliyasoma ukumbini kwa sauti ya ushindi, akaonyesha grafu isiyo na kilele hata kimoja, na Dokta Agripina akasimama akampigia makofi na kumpa alama ya juu kuliko wote. Mtambo haukuja.

Basi na likumbukwe hili pamoja na miaka ya njaa na ya nzige: kwamba katika nchi ya Singida aliinuka mtu aliyeondoa dhahabu juu ya ramani, akashangiliwa. Dhahabu pekee ya Mtinko iliyothibitishwa kisayansi inakaa shingoni mwa Mama Flora. Kila jioni nikimrudisha bosi nyumbani, huanza kunyoosha kidole akiwa bado mlangoni, kabla hajavua viatu.