Malalamiko Kuhusu Mlezi Anayependwa Kupita Kiasi

Kwa Mkurugenzi,
Huduma ya Walezi wa Wazee,
Kisii Mjini.

Mheshimiwa Bi. Janki,

KUH: KUBADILISHIWA MLEZI

Pokea salamu zangu. Mimi ni Geoffrey Omosa wa Nyanchwa. Ulitupatia Celestine, msichana wa Nyansiongo, amtunze baba yangu, Mzee Nyangau, huko Marani, kwa kuwa mama alishatutoka na mzee hawezi tena kuoga peke yake. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Celestine ni mwema mno. Humsongea mzee ugali wa wimbi laini, kisha humsikiliza hadithi zake za majani chai mpaka mwisho. Mimi mwanawe sijawahi kuisikia hata moja ikiisha. Naona wivu, wala sifichi.

2. Kwa ajili ya wema huo, majuzi mzee aliwatangazia majirani kwamba Celestine sasa ni binti yake. Wakapiga vigelegele. Hapo ndipo tulipoharibikiwa, maana sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya: mtoto haoni uchi wa mzazi. Mgeni wa kulipwa aliweza kumwogesha. Binti hawezi. Mdomo umeponza kichwa.

3. Mimi pia siwezi, ni mwanawe. Mke wangu Purity ndiye hawezi kabisa. Ni mkwe, hata chai humwachia mlangoni. Basi boma limejaa watu wanaompenda mzee na hakuna wa kumwogesha. Sabato iliyopita wazee wenzake kanisani walihamia benchi la dirishani wakisingizia joto. Mvua ilikuwa ikinyesha. Nilimwona baba ameinamisha kichwa, nikaumia sana.

4. Kwa hiyo naomba umwondoe Celestine, utuletee mlezi asiyependeka. Awe mnunaji, asalimu kwa shida, na akisimuliwa hadithi apige miayo. Akianza kutabasamu, mbadilishe upesi.

5. Zaidi ya hayo, wafundishe walezi wako wote ukali wa kiasi. Huduma yenu ikiendelea kuwa nzuri hivi, wazee wa Kisii na Nyamira watapata mabinti kila boma, na hakuna atakayeoga.

Nisalimie Bwana Hasmukh na wote mnaofanya kazi pamoja hapo ofisini.

Wako mwenye taabu,
Geoffrey Omosa

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mzee amesema alikosea kizazi. Celestine si binti, ni mjukuu, na kwetu babu na mjukuu hawaoneani haya. Ameogeshwa, amepakwa mafuta, na kicheko chake nakisikia nikiwa hapa uani kwake Marani. Usimwondoe tafadhali. Mimi na Purity hatukujaliwa mtoto, na mjukuu wa baba yangu ni mwanangu. Kwa hiyo nalalamika upya, safari hii kama mzazi: mbona binti yetu hapewi siku ya kupumzika? Purity ameshamtandikia kitanda kwetu Nyanchwa.