Filimbi na Kitambaa cha Kaki

Jumapili, 14 Agosti 1994

Mchungaji Lazaro katangaza Siku ya Familia. Jumamosi hii, uwanjani, michezo ya watoto na wazazi wao. Kuruka na magunia, yai kwenye kijiko, kufukuza kuku. Na mbio za mguu kwa mguu: mzazi anafungwa mguu mmoja na mwanawe, wanakimbia hivyo hivyo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nasinzia. Nikazinduka aliposema mgeni rasmi ni Bwana Cleopa wa Mikumi.

Cleopa! Anajenga gesti kule Mikumi, vyumba kumi na viwili, na anatafuta msimamizi. Miaka kumi na tisa nimeshika funguo za ghala la pamba la ushirika, watu wananipisha njia. Ghala limefungwa mwaka wa pili sasa. Wanasema ni biashara huria, kila mtu yuko huru. Mimi niko huru kuliko wote, asubuhi mpaka jioni.

Mpango: lazima nishike filimbi. Cleopa akiniona naamrisha uwanja mzima, kazi ni yangu.

Njiani binti yangu Editha kaniuliza kama tutakimbia wote mguu kwa mguu. Ana miaka tisa. Nikamwambia tutaona.

Jumanne, 16 Agosti

Kamati. Ushindi!

Mhoja wa Chanzuru kanipinga. Msukuma huyu kaja na ng'ombe wake miaka minne tu iliyopita, na tayari kwaya nzima inamwita baba. Kasema Yeremia, yaani mimi, asipewe filimbi, ataimeza, maana ana njaa ya cheo. Watu hoi kwa kicheko. Na mimi nikacheka. Nifanyeje? Wasukuma ni watani wetu sisi Wasagara. Mtani akikutukana, kununa ni mwiko.

Kisha nikatoa kanuni zangu. Kumi na nne, mwandiko wangu mwenyewe. Mchungaji alipofika ya sita akavua miwani, akanikabidhi filimbi. Hakufika ya tisa: mwenye filimbi haruhusiwi kushiriki mchezo wowote. Ndiyo niliyoifikiria sana. Mwamuzi hawezi kurukaruka.

Nyumbani nimekuta shati langu la kaki la ghalani limekatwa mkono! Editha. Katoa kipande kirefu, kakishona pembeni kwa uzi mwekundu, eti cha kufungia miguu yetu. Nikafoka. Gaudiosa, mke wangu, kasema shati lenyewe halijavaliwa miaka miwili. Hiyo si hoja. Mtoto akasema kamba ya katani inachubua, na baba hajazoea kuchubuka.

Habari ya kanuni ya tisa sikuigusa.

Alhamisi, 18 Agosti

Nimefanya mazoezi ya filimbi nyuma ya nyumba. Jirani kaja mbio kuuliza kuna nini, nyumba inaungua?

Editha naye yuko kwenye mazoezi. Nikienda chooni yuko ubavuni, anapima hatua. Kasema hatua yangu moja ni zake mbili kasoro kidogo, lakini nisijali, atajinyoosha. Gaudiosa kanivuta pembeni: mwambie mtoto ukweli leo. Nikasema kesho.

Nimemchagua jogoo mwekundu, zawadi ya Cleopa. Gaudiosa kasema huyo ni wa Krismasi. Krismasi iko mbali, mke wangu. Gesti iko karibu.

Ijumaa, 19 Agosti

Sikumwambia. Nilikuwa napiga pasi suruali.

Jumamosi, 20 Agosti

Naandika nikiwa na hasira, na sitakiwi kuwa na hasira.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri ajabu. Nimemtoa mtoto wa mzee wa kanisa kwa kushika yai na kidole gumba, kanuni ya pili. Nimerudisha mbio za magunia mara tatu. Cleopa kwenye kiti chake akawa ananiangalia sana. Jogoo tayari kikapuni, chini ya meza.

Ikaja mguu kwa mguu. Wazazi na watoto wakajipanga. Mwisho wa mstari, Editha peke yake. Kitambaa cha kaki keshakifunga mguuni, ncha nyingine kaishika mkononi. Nikatangaza asiye na mzazi atoke mstarini, kanuni ya nne. Akasema kwa sauti kwamba baba yake yupo. Ikabidi nisome kanuni ya tisa mbele ya watu wote. Nikasikia Gaudiosa anasonya, na alikuwa mbali.

Ndipo Mhoja akapiga yowe. Akatangaza kwamba mali ya Msagara isiyo na mlinzi ni ya mtani, mtoto huyu kamteka, mwenye naye aje kumkomboa. Mwanawe mwenyewe akamwachia mkewe Getrude, akajifunga mguu na binti yangu. Uwanja mzima vifijo! Nikapuliza filimbi, ningefanyaje?

Walianguka hatua ya tano. Wakaanguka tena. Mara ya tatu wakabiringika mpaka kwenye kapu la mayai. Wakafika wa mwisho, wamejaa vumbi na ute. Na Editha anacheka. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia siku nyingi. Nadhani mara ya mwisho ghala lilikuwa bado wazi. Kiliniuma, sijui kwa nini.

Cleopa akaniita. Moyo paa! Akauliza yule baba aliyeanguka na bintiye ni nani, maana mtu wa namna ile ndiye anayemtaka awapokee wageni wake. Nikamwambia yule si baba. Baba ni mimi. Akaniangalia, akaiangalia filimbi, akasema aa.

Mhoja akaja kamshika Editha mkono, akataja fidia. Hataki mbuzi wala shilingi. Anataka niende mguu kwa mguu na mwanangu mpaka golini na kurudi. Watu wakaanza kupiga makofi kwa mpigo. Editha akainama, akafungua kitambaa, akaninyooshea.

Nilitaka kukipokea. Naandika kweli, mkono ulishaanza kunyooka. Lakini nikafikiri, nirukeruke kama chura mbele ya Cleopa? Nikaenda kuchukua kikapu, nikamtoa jogoo. Fidia ni fidia, mila haikatai kuku.

Mhoja akampokea. Makofi yakakatika. Editha akakikunja kitambaa mara mbili, mara nne, akakitia mfukoni. Nikageuka kumtazama Cleopa. Hayupo kitini! Kavua viatu, kajifunga mguu na mjukuu wake, wanaelekea golini.

Jumapili, 21 Agosti

Baada ya ibada nimekutana na Mhoja mlangoni. Nikajiandaa kwa matusi yake. Kasema tu kwamba yule mtoto anajua kufunga fundo, halikufunguka hata tulipoanguka. Kisha akaniaga vizuri, akaenda. Hakunitania hata kidogo. Mtani asipokutania, kuna jambo.

Nimetembea peke yangu mpaka Mabwerebwere nikiliwaza. Nilikuwa karibu kulipata. Mara nikajikwaa, likanitoka.

Jumatatu, 22 Agosti

Habari njema! Mhoja kaikataa kazi ya Cleopa, hawezi kuwaacha ng'ombe. Na Mchungaji kasema Siku ya Familia itarudiwa Desemba, Cleopa atakuja tena.

Asubuhi nzima nimetafakari nilikosea wapi. Nimepata. Filimbi ilikuwa mkononi! Mkononi nani ataiona? Mtu wa cheo huvaa filimbi shingoni.

Nimetafuta kamba nyumba nzima. Ndani ya daftari la hesabu la Editha nimekuta kile kitambaa cha kaki, kimekunjwa vizuri. Imara kweli, na uzi mwekundu unaita macho. Kilikuwa kimekaa bure. Nimefungia filimbi, nimevaa, nimejitazama kwenye kioo. Heshima tupu!

Editha alikuwa kasimama mlangoni. Nikamuuliza ninaonekanaje. Akasema unapendeza, baba. Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.

Mtoto ana adabu sana yule. Desemba nitampa kazi ya kunishikia kanuni.