Malalamiko Kuhusu Kompyuta Inayosema Mume Wangu Ni Kaka Yangu

Nyakabiga, 9 Juni 2005

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Ofisi ya Kutafuta Waliopotezana.

Bwana Mkurugenzi,

Baada ya salamu, na kwa heshima yote iliyonibakia, nailalamikia kompyuta yenu. Tangu 1995, risasi zilipotutawanya Buterere nyumbani kwa mama, namtafuta kaka yangu Népomuscène. Nililileta jina lake kwenu kwa furaha. Nilichopata ni hiki:

1. Kompyuta ilipata akina Népomuscène sitini na mmoja, ikawakataa wote, eti hakuna mwenye jina langu la pili. Bwana Mkurugenzi, aliyeifundisha hivyo alizaliwa wapi? Kwa baba yetu tuko saba na majina saba, kama kwa kila mtu hapa; jina la ukoo hatuna.

2. Fundi wenu Darius akasema: "Apana shida, Mama, tutapitia ku nyumba." Yaani ianze kwangu, iende nyumbani kwangu, kwa kila aliyewahi kulala humo, kisha kwa mume au mke wake aliyeandikwa kwenye orodha zenu za kambi. Nikawataja wote. Na kwa vita hivi, nani hakulala kwangu? Zikatoka kurasa tatu za "ndugu" zangu.

3. Mume wangu Gélase hulala humo pia, kwa hiyo ni kaka yangu. Amefurahi mno! Ananiita dada mbele ya wageni, na mto wake kauhamishia sebuleni, eti anaogopa dhambi.

4. Mama mkwe, kwa kuwa alianza kulala humo baada yangu, amekuwa mdogo wangu. Nilipomweleza kwamba sasa yeye ndiye wa kunisalimia kwanza, alivunja sahani.

5. Padri aliyetufungisha ndoa alijificha kwangu wiki nzima. Basi kaka yangu aliniozesha kwa kaka yangu, na kanisa zima likapiga vigelegele.

Kabla sijawa shangazi wa mji mzima, naomba mkate hiyo njia ya nyumba, mtafute kwa damu tu. Mkishindwa, izimeni. Nimecheka hadi mbavu zinauma, lakini kaka yangu bado sina, na hilo linaniuma zaidi.

Nawasalimu wote ofisini, pamoja na Darius, ambaye asithubutu kulala kwangu.

Wenu kwa unyenyekevu na hasira,
Mathilde

N.B. Msikate chochote! Kwa hasira sikuusoma ukurasa wa tatu; Gélase kausoma leo. Yumo Carmen, msichana aliyelala kwangu siku mbili mwaka 1996, hata sura yake siikumbuki. Aliolewa kambini, Tanzania. Mumewe ni Népomuscène wa Buterere, mtoto wa Adélaïde. Adélaïde ni mama yangu! Nimeongea na kaka yangu kwa simu ya nesi wa kambi, nikalia hata sijui nilisema nini. Jumamosi wanakuja, yeye, Carmen na watoto wanne. Waandikeni wote kwenye nyumba yangu.